Siku Ile Mlio Ulipopungua

Mayu Minza, mwanangu,

Mwangaluka. Najua huitikii, lakini mimi sijui kuongea na mtu bila kumsalimia kwanza, hata kama mtu mwenyewe yuko chini ya udongo pale nyuma ya minyaa. Zamani wewe ndiye uliyeanza. Ulikuwa unapiga goti hapa kizingitini kila asubuhi, hata baada ya kupasuliwa, nami nakukataza, nakwambia daktari kasema usijitese. Unanijibu walichopasua ni kifua, Baba, magoti wameyaacha.

Naandika kwenye daftari lako la kwaya, kurasa za nyuma. Utanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu siku hiyo kalamu nimeishika kwa kusaini tu. Mama yako aliponiona napekua vitu vyako akaniuliza natafuta nini. Nikasema nataka kumwandikia mtoto barua. Nilidhani atanicheka, maana unamjua. Hakucheka. Alisimama na ndoo yake mkononi akasema, "Mwambie anisamehe kwa ile nsansa." Kisha akaenda kisimani.

Basi barua hii ni kwa ajili ya neno hilo. Nsansa haikukuua, mwanangu. Wewe ulijua, na mimi najua. Mama yako ndiye asiyejua, na ni mimi niliyemwacha asijue tangu tulipokuzika mpaka leo. Mara nyingi nimefungua mdomo ili niseme, nikaishia kuomba maji ya kunywa.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza, ndiyo adabu ya barua.

Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri. Pamba imefumuka, shamba lote jeupe ukilitazama kutoka barabara ya kwenda Nkololo. Sina raha nayo. Kwenye kituo cha kununulia pamba, kwenye kiti chako pale kwenye mizani, wamemweka karani mwingine, mtu wa Maswa, anasoma mizani huku jicho moja liko kwenye simu. Nikimsalimia anaguna. Kwenye kwaya nafasi yako wamempa mke wa fundi baiskeli. Anaimba kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Ungecheka mpaka ushike kifua.

Mama yako ameng'oa kunde zote. Hakuvuna, aling'oa, zikiwa bado na maua, akazitupa kule kwenye korongo. Unakumbuka alivyokuwa. Kila mwaka anachuma majani ya kunde, anayachemsha, anayaanika juu ya lile jiwe kubwa mpaka yanakuwa meusi, anajaza debe, ndiyo nsansa, mboga yetu ya kiangazi. Hakuna mwanamke hapa aliyempita kwa nsansa ya karanga, na yeye mwenyewe alikuwa analijua hilo na kulisema. Debe sasa anawekea pumba za kuku. Jirani wakimletea bakuli anapokea kwa mikono miwili, anasema wabeja, wakigeuka anawamwagia mbwa. Anakula ugali kwa maziwa, au kwa dagaa, au anasema ameshiba. Amekonda. Juzi nilimkuta amesimama pale kwenye jiwe, halina kitu, analipangusa kwa kiganja.

Na mimi nimemvua kengele yule ng'ombe jike wa pembe moja. Nimeifunga kwa kitambaa nimeitia sandukuni chini ya koti langu la mvua. Wiki iliyofuata kundi likapotea, nikalikuta kwenye mtama wa jirani. Mwenye mtama akanifokea mbele ya watu, mzee mzima unachunga bila kengele, una akili kweli? Nikamwacha afoke mpaka akachoka. Angejua kwa nini nimeivua asingenifokea, au angenifokea zaidi.

Sasa nirudi nyuma, maana nataka kwenda taratibu. Nikikimbia nitaruka mahali.

Ulikuwa na miaka kumi hivi magoti yakavimba, homa kali, wiki nzima. Kabla ya hapo ulikuwa umeumwa koo, na nani huku kwetu anajali koo la mtoto. Bibi yako akakuchua kwa samli, ukapona, ukarudi shule. Hatukujua kwamba ule ugonjwa ulitoka kwenye magoti ukaenda kukaa moyoni. Miaka ikapita, ukaanza kupumzika njiani ukitoka kisimani. Mara moja, halafu mara mbili, halafu mara tatu. Nikakuita mvivu. Nilisema mbele ya wageni kwamba atakayemwoa huyu atakuwa ameoa kigoda. Wageni wakacheka, na wewe ukacheka nao. Midomo yako ilikuwa na weusi fulani, mimi nikadhani umetoka kula zambarau.

Daktari wa Bariadi alikusikiliza kifuani kwa mipira yake muda mrefu mpaka nikaudhika. Akatutuma Mwanza. Mwanza wakatutuma Dar es Salaam. Kule daktari wa upasuaji akachukua karatasi akatuchorea, moyo una vyumba vinne, katikati kuna milango, mlango wako mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi vizuri. Nikamwambia hapo nimekuelewa, ni lango la zizi lililooza, ng'ombe wanatoka na kurudi wanavyotaka. Akafurahi, akasema mzee, umenipa mfano wa kuwaambia na wengine. Nikavimba kichwa. Nadhani ni hapo nilipoanza kuamini kwamba moyo naujua kwa sababu ng'ombe nawajua.

Walifungua kifua chako, wakausimamisha moyo, mashine ikafanya kazi yake tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mimi nilikaa kwenye benchi na kofia yangu mkononi, nikaipindapinda mpaka ukingo ukang'oka. Ile kofia bado ninayo. Waliponiruhusu kukuona niliinama nikusalimie, nikasikia tik, tik, tik. Nikatazama mkono wako kutafuta saa. Yule nesi mnene akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Mzee, huo ni mlango wake mpya, wa chuma, ndivyo unavyofunga. Huo mlio ndio uzima wake."

Siku ya kuruhusiwa alitukalisha mimi na wewe. Vidonge vya kulainisha damu kila siku saa ile ile, ili damu isigande kwenye kile chuma. Kupima damu Mwanza, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mboga za majani kiasi kile kile, isiwe leo bakuli na kesho kijiko. Kisha akasema, "Mkisikia mlio umebadilika msingoje tarehe, njooni siku hiyo hiyo." Nikaitikia, ndiyo. Nilisikia, Minza. Sitaki kujificha kwenye kusema sikuambiwa. Ila kichwani mwangu mimi, mlio kubadilika ni kuwa makelele. Kengele ikipasuka inatoa sauti mbaya, unaitambua hata ukiwa ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa nangoja makelele.

Tukarudi nyumbani. Unakumbuka wiki ile ya kwanza? Watoto wa jirani walipanga foleni hapa uani waje wasikilize, na wewe unawaita mmoja mmoja kama daktari. Mama yako alihangaika, akasema ni kama kuku anadonoa bati, atalalaje na kuku anayedonoa bati ndani ya nyumba. Siku ya Jumapili baada ya komunyo, kanisa lote kimya, katekista akageuka kutafuta nani ameleta saa ya mezani. Ukajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilijifanya nimekasirika. Sikuwa nimekasirika.

Sijawahi kukuambia kwamba mlio ule niliupenda. Mimi maisha yangu yote najua kilicho changu kiko wapi kwa sikio. Nikiwa nimekaa hapa nje nashona kamba, nakusikia uko jikoni, nakusikia umehamia ghalani, nakusikia umekaa. Sikuwa na haja ya kuita. Ulikuwa unaongeza mwili, rangi ya midomo ikarudi, ukaenda kisimani na kurudi bila kupumzika hata mara moja. Ukarudi na kwenye mizani kuomba kazi yako. Mama yako anakupakulia nsansa kila siku kwa bakuli lile lile la bluu, analijaza mpaka kwenye ule mstari, anakwaruza iliyozidi, kwa sababu nilimweleza alivyosema nesi. Kila siku, Minza. Hakuzidisha, hakupunguza. Mama yako alimtii nesi kuliko mimi niliyekuwepo nesi akisema.

Halafu ikaja siku ile.

Mama yako alikuwa ameitwa kule Sola kumuuguza dada yake aliyejifungua vibaya. Tulibaki mimi na wewe. Tulikuwa tumekaa chini ya banda tunachambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu huku, kwa kuwa mizani ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Ulikuwa na nyuzi za pamba kwenye nywele. Ukaacha mikono yako juu ya rundo ukasema, "Baba, mlio umepungua. Nataka niwahi Mwanza kabla ya tarehe."

Nikasema njoo. Ukasogea, nikaweka sikio karibu na kifua chako juu ya kitenge. Kweli, ulikuwa umepungua. Ilikuwa kama kengele iliyojaa majani. Na mimi nikatabasamu. Mungu ananiona, nilitabasamu. Nikakwambia kile alichonifundisha baba yangu nikiwa bado nachunga ndama, kengele inayopiga ni ya ng'ombe anayetembea, ana njaa, anatafuta. Ikinyamaza, kashiba, kalala, anacheua. Nikasema moyo wako umeshiba, mayu. Kile chuma kimezoeana na nyama.

Ukasema, "Lakini nesi alisema ukibadilika." Nikasema kubadilika ni kuharibika, huku ni kupona, nani alikwenda hospitali kwa sababu amepona. Halafu nikasema na lile jingine, ambalo ndilo linaloniamsha. Nikasema Jumatatu mizani inafunguliwa, subiri tupime pamba, baada ya hapo nitakupeleka mwenyewe. Nilitaka ukae kwenye ile mizani, Minza. Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia watu kwamba binti yangu aliyewekewa chuma moyoni ndiye atakayenipimia. Nilitaka wakuone.

Ulinitazama kidogo. Ukasema, "Sawa, Baba," ukarudi kwenye pamba.

Sijui ulisema sawa kwa sababu uliniamini au kwa sababu nilikuwa baba yako. Hilo nimelizungusha mpaka limeisha meno. Kama uliniamini, nilikudanganya. Kama ulikuwa unaniheshimu tu, basi nilikulea vibaya. Hakuna upande ninaotokea salama.

Jumatatu ukakaa kwenye mizani. Watu wakakuona. Pamba yangu ikapimwa, nikasimama pale nimeweka mikono nyuma kama mwenyekiti. Jumatano ukaanza kukohoa, nikasema ni vumbi la pamba. Ijumaa ulikuwa umekaa juu ya robota unasoma mizani kutoka hapo, husimami. Nikaona. Nikasema moyoni, mvivu wangu karudi. Hata neno lenyewe lilikuwa lile lile. Wiki ya pili ulikuwa huwezi tena kulala chali, unakaa umeegemea ukuta, nami nikasema tarehe imekaribia, bado siku chache, tutakwenda kwa tarehe yake.

Mama yako alirudi Jumamosi. Hakuvua hata viatu. Alisimama mlangoni akasema, "Mbona simsikii?" Nikamjibu, "Ametulia tangu juzi." Lile juzi lilinitoka lenyewe. Tangu hapo sikuweza kulirudisha.

Unajua yaliyofuata, ulikuwepo, ingawa sijui uliona kiasi gani. Gari mpaka Bariadi, Bariadi wakakuwekea hewa ya mtungi, gari la wagonjwa mpaka Mwanza, mama yako amekushika miguu. Ilikuwa ya baridi. Kule akaja daktari kijana, mpole, akakusikiliza kifuani, akahama, akasikiliza tena, uso wake ukabadilika. Akasema damu imeganda kwenye mlango, mlango haufunguki. Akauliza, "Mlio ulianza kupungua lini?"

Wote mkanitazama mimi. Mama yako kwa sababu hakuwepo. Wewe kwa sababu ulikuwepo. Nikasema, "Juzi, daktari."

Siku kumi na tano, Minza. Nilikuwa nimezihesabu njia nzima, tangu Lamadi mpaka Magu, nikazihesabu tena, na bado mdomo ukasema juzi. Niliona aibu mbele ya yule kijana. Mzee mzima, amepewa neno moja la kushika na nesi, ameshindwa.

Daktari akakugeukia, akakuuliza wewe, ni kweli? Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuona unahema na kunitazama, jasho limekujaa juu ya mdomo. Ungeweza kusema. Ungesema wiki mbili, ni maneno mawili tu. Lakini mtoto wa huku hamvui baba yake nguo mbele ya mgeni, ndivyo tulivyokufundisha, kwa fimbo tulikufundisha. Ukasema, "Kama Baba alivyosema."

Daktari akaandika. Nilimwona akiandika. Sijui kama angeandika siku kumi na tano angekupa dawa nyingine, au angekimbilia kukufungua kifua siku ile ile, au angefanya yale yale. Sikuwahi kumuuliza. Naogopa jibu lolote atakalonipa. Kisha akauliza unakula nini nyumbani, na mama yako, ambaye hajui kudanganya, akasema nsansa, kila siku, bakuli zima. Daktari akatikisa kichwa kidogo, akasema majani yana kitu kinachofanya damu igande, akaandika na hilo. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona mama yako anakaa chini pale pale sakafuni, taratibu, na hajasimama mpaka leo.

Ningeweza kusema hapo hapo, bakuli lilikuwa lile lile, daktari, anapima na kukwaruza. Ningeweza kusema, mtoto alitaka kuja akiwa anatembea kwa miguu yake, mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikatazama dirishani.

Ulifariki kesho yake alasiri, wakiwa wanaandaa kukufungua tena. Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa niende nje nikakae kivulini, kuna upepo. Nilikwenda. Niliporudi wodi yote ilikuwa inasikika, watu wanaongea, kijiko kinagonga kikombe, isipokuwa wewe.

Msibani watu walisema maneno yao. Walisema kazi ya Mungu haina makosa. Shangazi yako alitaka twende kwa mganga tukatafute mkono wa mtu, kwamba kuna aliyekuonea kijicho pale kwenye mizani. Nilikataa kwa ukali mpaka wakashangaa. Mkono nilikuwa naujua, ndio niliokuwa nimeshikia jembe la kufukia kaburi. Mzee mmoja akaninong'oneza ili kunifariji kwamba sikio la kufa halisikii dawa, labda mtoto hakufuata masharti. Nikamwitikia. Nikaacha uitwe mkaidi kaburini kwako. Sikio lisilosikia lilikuwa langu, aliyekufa ni wewe, na methali hiyo haina mahali pa kumweka mtu kama mimi.

Vidonge vyako viko kwenye kopo juu ya rafu. Kimoja umekikata nusu kwa wembe, nusu haipo. Mama yako hataki kiguswe. Anasema labda siku ile ulisahau nusu hiyo, anajaribu kujipa sababu nyingine, halafu anarudi kwenye nsansa. Mwezi uliopita nilimsikia anamwambia dada yake wa Sola kwenye simu, "Mimi nilimlisha mwanangu mauti kwa bakuli." Nilikuwa nyuma ya ukuta. Nikashika njia nikaenda kwa ng'ombe. Nikakaa katikati yao, hakuna kengele, nikalia kama mtoto aliyepigwa.

Nilijiambia namficha ili asiumie zaidi. Nilijiambia akijua atanichukia na nyumba itavunjika, na sisi ni wazee, tutakwenda wapi. Uongo mtupu. Namficha kwa sababu ile ile niliyomdanganyia daktari. Naona aibu. Nimeiweka aibu yangu kichwani mwa mama yako aibebe, na ananibebea tangu mwaka jana, na mimi natembea mikono mitupu.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wewe hukuniachia mjukuu mwingine. Huyu ndiye ninayemlea. Sitegemei apungue. Nimesali, sikusikia kitu. Katekista ananiambia Mungu anasamehe, ninamjibu najua, ila mimi sikumkosea Mungu peke yake. Wewe ungenisamehe, hilo najua na ndilo linaloniumiza, maana ulishanisamehe pale kitandani kwa maneno matatu, na maneno hayo huenda ndiyo yaliyokumaliza.

Mama yako amerudi kisimani. Namsikia anamimina maji kwenye sufuria. Anavunja kuni. Amekohoa. Hivi ndivyo ninavyojua alipo.

Sina la kukuahidi kubwa, mayu. Kengele sitaifunga tena kwenye shingo ya ng'ombe, wacha jirani wafoke. Mizani sitaikaribia, pamba ataipeleka mtu mwingine. Naahidi hili moja. Nitamwambia mama yako kwamba ulisema mlio umepungua siku kumi na tano kabla, tukiwa tunachambua pamba, na kwamba mimi nilikuambia subiri. Nitamwambia bakuli la bluu halikuwa na kosa. Nitamsomea na pale uliposema kama Baba alivyosema, nisome mpaka mwisho, nisiruke. Atakalofanya baada ya hapo ni lake. Akienda kwao simfuati. Akibaki akanyamaza, sitasema tena kwamba mtu aliyenyamaza ameshiba.

Lala, mwanangu. Hapo ulipo nitakuja kesho kung'oa majani, kwa mkono, si kwa jembe. Kwa sasa naweka kalamu. Nakwenda kumwambia kabla maji ya ugali hayajachemka, maana yakichemka nitasema tule kwanza.

Ni mimi, baba yako.